Chui Aliyeshindwa Kumsubiri Trauti

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama waliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Kaeni vizuri, na wewe hapo acha kumfinya mwenzako.

Hapo zamani za kale, mlimani juu kwenye baridi ya kuuma masikio, palikuwa na mto wa maji ya kasi. Humo waliishi samaki waitwao trauti, samaki wajanja, waoga wa kila kitu.

Mama mmoja, Nkatha, alijua kuwavua. Alichukua ndoana ndogo, akaivisha unyoya, akairusha juu ya maji kwa ufito mrefu na uzi. Ikielea, trauti alidhani ni mdudu. Manyoya yenyewe yalikuwa ya rafiki yake Kanga, yale yaliyoanguka tu. Nkatha hakumnyonyoa hata siku moja.

Siku hiyo Kanga alikuja mbio, analia. Nyuma yake alikuja Chui, taratibu, kabeba kifaranga cha Kanga mdomoni. Akakiweka chini, akakikanyaga kwa mguu mmoja.

"Wewe mwanamke," Chui akasema, "nyama nimeikinai. Nataka trauti. Rusha mara tatu. Nisipompata, nakula hiki."

"Pii!" kikalia kifaranga.

Maskini! Nkatha akachukua ufito wake.

"Tulia, bwana mkubwa," akasema. "Mto una macho."

Akarusha mara ya kwanza. Trauti mkubwa akapanda polepole kutoka chini ya jiwe. Chui akasimama ili aone vizuri, kivuli chake kikaangukia maji. Trauti huyoo, akapotea.

"Pii!"

"Nilikuambia utulie, bwana mkubwa. Mto una macho."

"Na mimi nina njaa," akasema Chui, akaukaza mguu.

Nkatha akarusha mara ya pili. Chui alilala kifudifudi, lakini mkia! Mkia ulipiga ardhi pa, pa, pa. Trauti akasikia mshindo, akarudi chini ya jiwe lake.

"Pii." Safari hii sauti ilikuwa ndogo sana.

Kanga akamsogelea Nkatha, akamnong'oneza, "Mama Nkatha, mwanangu anakufa. Fanya unalojua."

Nkatha alijua jambo moja ambalo Chui hakulijua. Trauti akishika unyoya, huutema upesi. Usipovuta papo hapo, umemkosa.

"Bwana mkubwa," akasema, "sogea hapa ukingoni, umwone vizuri unayekwenda kumla."

Chui akasogea, anakiburura kifaranga.

Nkatha akarusha mara ya tatu. Unyoya ukaelea. Hakuna aliyepumua. Trauti akapanda. Akafungua kinywa. Akaushika!

Nkatha hakuvuta.

"Vuta!" Chui akanguruma.

Nkatha akautazama mguu wa Chui. Akikosea, kifaranga kimekwisha.

"Vuta! Anautema! Vuta, mwanamke!"

Nkatha akasimama kama kisiki. Trauti akautema unyoya, akageuka aende zake, mgongo wake unang'aa mbele ya pua ya Chui.

Chui akaruka!

Niambieni, chui huruka kwa miguu mingapi?

Minne!

Minne! Hata ule uliokanyaga kifaranga! Kabla Chui hajagusa maji, Kanga alikwisha kumnyakua mwanawe na kuingia naye kichakani. Maji ya mlimani hayana adabu. Yalimbeba Chui, yakamgonga kwenye jiwe hili, yakamgonga kwenye jiwe lile, yakamtupa chini ya maporomoko. Alitoka huko akichechemea, tumbo tupu, na mto ule hakuusogelea tena.

Nkatha alirudi nyumbani bila samaki. Watoto wake wakala viazi vitupu.

"Mama, leo trauti hakuna?"

"Leo hakuna," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi sikieni, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na ukishikwa na mwenye nguvu, usishindane na nguvu zake. Itazame tamaa yake, maana hiyo ndiyo itakayomfanya akuachie.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyelowa ajianike, na mwenye nyingine atupe.