Maua Hayaliwi

Mzee Rula hakuwa na mke. Alimzika miaka saba iliyopita. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba amefunga vifungo vya shati upande. Hakuwa na mgeni wa kunywa naye chai, ingawa kila asubuhi mkono wake, kwa mazoea, ulipima maji ya vikombe viwili, na kikombe cha pili kikapoa mezani hadi akakimwaga bustanini. Hakuwa na barua hata moja kutoka kwa binti yake wa pekee, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Zaidi ya yote, hakuwa na njia ya kulirudisha neno moja alilolitamka akiwa amesimama katikati ya nyanya zake.

Alikuwa fundi seremala. Jina la Rula alipewa na mafundi wenzake kwa kuwa hakukata ubao kabla ya kuupima mara tatu. Alipostaafu, rula aliihamishia nyuma ya nyumba. Mistari ya nyanya aliinyoosha kwa kamba, vijiti vya kuziegemeza vikalingana kimo, na majirani wakatania kwamba nyanya za mzee huyo ziliogopa kukua upande. Methali isemayo heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi aliijua vizuri. Aliwahi kuichonga kwa patasi juu ya mlango wa mteja mmoja, herufi zimesimama sawasawa kama askari kwenye gwaride. Lakini kuichonga methali ni kazi ya mkono tu.

Binti yake alirudi nyumbani baada ya ndoa ya miaka sita kuvunjika. Mume alitaka mtoto, mtoto hakupatikana, na lawama zote akatwishwa mwanamke. Alirudi na sanduku moja. Hakulia mbele ya baba yake, wala baba hakumuuliza kitu. Siku ya tatu alifungua kopo la marehemu mama yake, akakuta mbegu nyembamba nyeusi, akazipanda katikati ya nyanya bila kamba wala kipimo. Yakaota maua ya rangi ya chungwa, yenye harufu kali, yaliyosimama popote yalipojisikia. Akayazungushia mawe. Mzee Rula alinung'unika, lakini alivumilia.

Kisha mvua ikakata. Maji ya bomba yakawa yanatoka mara mbili kwa wiki. Alasiri moja mzee alimkuta binti ameinama, kata mkononi, anayanywesha maua.

"Hiyo si ndoo ya mwisho?"

"Ndiyo, Baba. Nyanya nimeshazipa. Haya nayapa kidogo tu."

"Maua hayaliwi!"

"Najua, Baba. Lakini ni ya Mama."

Hapo ndipo alipotakiwa kumeza mate na kuondoka. Jua lilikuwa kali, mgongo ulimuuma, na hasira ni mgeni asiyebisha hodi.

"Basi wewe na maua yako ni mamoja," alisema. "Hamzai. Mnakunywa maji ya bure tu."

Binti aliiweka kata juu ya jiwe, polepole, kama mtu anayeweka yai. Alinawa miguu, akaingia ndani. Asubuhi alitoka na sanduku lilelile.

"Kwaheri, Baba. Chai iko kwenye chupa."

Mzee Rula alikuwa ameshika kijiti cha nyanya kilichoinama. Moyo ulimwambia akiache, akimbilie lango. Mikono ikaendelea kukinyoosha kijiti. Lango liliposikika likifungwa, kijiti kilikuwa kimenyooka kabisa. Wiki ile aliyang'oa maua yote, ili aonekane kwamba alikuwa na haki. Aonekane na nani, hakujua.

Fundi akipiga msumari vibaya, hugeuza nyundo akaung'oa. Neno halina nyundo ya kuling'oa. Usiku na mchana lilibaki palepale, na kila alipopita chumba cha binti alipunguza mwendo, kana kwamba ndani kuna mtu amelala. Kanga ambayo binti aliisahau nyuma ya mlango hakuigusa. Siku nyingine aliisogelea, akasimama, kisha akajifanya anakagua bawaba.

Nyanya nazo zikaanza kumgomea. Msimu wa kwanza zilipungua. Wa pili zilisinyaa mchana hata zikiwa zimenyweshwa. Akang'oa shina moja, akakuta mizizi imejaa vinundu kama uzi uliofungwa mafundo. Jirani yake, mama mmoja mstaafu aliyeitwa na wote Nesi, alichungulia juu ya ukuta.

"Mzee Rula, huyo mgonjwa umemfanyia upasuaji bila kuniita?"

"Nesi, acha mzaha. Tazama mizizi hii."

Nesi alitazama, akatikisa kichwa. "Minyoo ya udongoni hiyo. Binti yako aliniambia zamani, harufu ya yale maua yake haiipendi. Marehemu aliyapanda kwa sababu hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulikuwa na kamba yako na rula yako."

Mzee alilisugua lile shina mkononi. Kisha akatazama dirisha la chumba cha binti. Nesi alimsaidia. "Ananiandikia, ndiyo. Anashona nguo huko mjini alikohamia. Mzima wa afya. Kila barua anauliza, Baba anakula? Mimi namjibu, anakula na kiburi chake."

"Mimi je, hawezi kuniandikia?"

"Aanze yeye? Jirani, rula hupima urefu. Uchungu haiupimi."

Mzee aligeuka kwa hasira ili aingie ndani, na mguu wake wa kulia ukagonga moja ya yale mawe ya binti. Ukucha wa kidole gumba uliinuka. Alikaa chini palepale, ameshika mguu, machozi yakimtoka. Nesi alipoleta dawa na bendeji alidhani analilia kidole.

Ni pale chini, uso ukiwa karibu na udongo, alipoona mche mmoja umejificha kando ya jiwe. Majani yake yalikuwa na meno kama msumeno mdogo. Aliyanusa, akaijua harufu. Mbegu moja ilikuwa imeponyoka mikono yake.

Haukuwa kwenye mstari. Hakuusogeza.

Kila asubuhi kikombe cha pili cha chai hakikuandaliwa tena. Maji yake aliyapeleka kwa ule mche kabla hayajachemka. Ukachanua. Nyuki wakaja. Mashina ya nyanya yaliyokuwa karibu yalizaa vizuri kuliko mengine, ingawa mzee, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, alikiri kwamba huenda ni mvua. Ukucha mweusi ulidondoka, mwingine ukaota, na hata akivaa viatu vya kubana hakusikia chochote.

"Umepona, mgonjwa wangu," Nesi alimwambia.

"Kidole kimepona."

Maua yalipokauka alizikusanya mbegu, akakaa mezani kuandika. Barua ya kwanza ilihusu nyanya tu, akaichana. Ya pili ilieleza ukame wa mwaka ule, na jinsi mgongo ulivyokuwa ukimuuma. Hiyo nayo aliichana, maana ilikuwa barua ya wakili. Ya tatu aliandika bila kuchora mistari kwa rula, na maneno yakapanda na kushuka:

"Mwanangu, nilikuambia huzai. Nilikosa. Baada ya mama yako kufa, aliyeizalia nyumba hii furaha ni wewe, na mimi nilikufukuza kwa mdomo wangu. Sikuombi usahau, maana hata mimi sijasahau. Ndani kuna mbegu za mama yako. Zipande huko uliko, au njoo uzipande hapa. Mahali pa kuzipanda utachagua wewe. Baba yako."

Alizimimina mbegu ndani ya bahasha yenye anwani aliyopewa na Nesi, akaulamba ukingo wake kwa ulimi uleule, akaubana kwa kiganja hadi ukashika. Posta, karani aliitikisa bahasha, ikachakarisha.

"Nini humu, mzee?"

"Maua."

"Iende kwa kawaida au kwa haraka?"

"Kwa haraka, mwanangu. Imeshachelewa miaka mitatu."

Karani alicheka, akagonga mhuri, akaitupa katika mfuko wa barua za mbali. Mzee Rula alisubiri hadi mfuko ulipofungwa kamba na kutolewa nje. Kisha alianza safari ya kurudi nyumbani, miguu mizima, hatua imara. Hakuna aliyemwona ambaye angejua kwamba aliwahi kuumia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.