Jina Moja, Wanawake Watatu

Hadithi hii aliisimulia kwanza Eliwaza mwenyewe, Desemba 1981, huko Gonja, siku ya kumtoa mwanawe nje. Wageni walikuwa wamekwisha kula na walingoja kusikia mtoto ataitwa nani. Badala ya kutaja jina, Eliwaza alisimulia haya.

Dada yake Nakijwa alikuwa mkalimani kanisani. Alijua viunganishi vya Kiingereza vizuri kiasi kwamba hata mhubiri aliyerukaruka mambo, kinywani mwa Nakijwa mahubiri yake yalishikana. Wifi yake Apaikunda alifundisha mapishi katika shule ya wasichana. Yeye alijua vitenzi vyenye mkia wa "-ing", maana jikoni mtu hukoroga huku akionja, na humenya kabla ya kukata. Mama yake mdogo Naetwe alikuwa karani wa mahakama. Hakuna aliyemshinda kwa viwakilishi, kwa kuwa pale ukichanganya "he" na "she" unaweza kumfunga mke kwa kosa la mume.

Eliwaza alitaka kuwa muuguzi. Alipoitwa kwenye usaili, mkuu wa chuo alimwomba aeleze kwa Kiingereza jinsi alivyowahi kumsaidia mgonjwa. Alieleza habari za mtoto wa jirani aliyeungua kwa uji. Sentensi zake zilikuwa fupi na zilikatikakatika, na watu ndani yake walipoteana.

"Subiri," mkuu wa chuo alisema. "Mama wa mtoto ni mwanamume? Na aliyeungua ni nani, mimi?"

Walimu wenzake waliokuwa usailini walicheka. Eliwaza hakucheka. Aliambiwa arudi baada ya Pasaka, na akishindwa tena nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

Nakijwa alimchukua asubuhi, wakati wa kukata majani ya ng'ombe. Kila Eliwaza aliponyamaza, dada yake alimchokoza. "Baada ya hapo? Kabla ya hapo? Wakati huo? Mbona unaliacha neno njiani kama mzigo wa mtu mwingine?" Hakumruhusu kutua majani mpaka aunganishe.

Apaikunda alimchukua mchana, jikoni. "Mikono yako inafanya nini?" aliuliza, na Eliwaza alijibu kwa Kiingereza: inaosha, inamenya, inapuliza moto. "Sasa sema kazi mbili kwa pumzi moja. Lakini angalia, wifi. Mwenye kazi ya kwanza awe ndiye mwenye kazi ya pili. Umesema hivi punde kwamba sufuria, wakati ikimenya ndizi, ilichemka. Hiyo sufuria nitaiajiri shuleni!"

Naetwe alimchukua jioni, kibarazani. Alimwonyesha kila aliyepita njiani.

"Yule?"

"He."

"Mwanangu, amevaa kanga na ana mimba! Hakimu angekwambia nini?"

"She, mama mdogo. She."

Pasaka ilipita. Eliwaza alirudi chuoni, na swali lilikuwa lilelile. Alieleza kwamba baada ya kuumwagia maji baridi mkono wa mtoto, aliufunika kwa kitambaa safi, na kwamba wakati akimtuliza mama wa mtoto, alituma watu wamwite mganga wa zahanati. Chumba kizima kilijua nani aliungua, nani alilia na nani alisaidia. Mkuu wa chuo alimpa mkono palepale.

Alihitimu, akaolewa, akapata binti. Uzazi ulikuwa mgumu, na daktari alimwambia hatapata mwingine. Katika ukoo wetu binti wa kwanza hupewa jina la mtu ambaye mama yake anamshukuru kuliko wote, jina moja tu, na mwenye jina humpata huyo mtoto kama wake, wa kumtunza uzeeni.

"Bila mimi angekuwa bado anakatikakatika," Nakijwa alisema mbele ya wageni, Eliwaza alipomaliza kusimulia.

"Na bila mimi angeunganisha nini?" Apaikunda aliuliza. "Hewa?"

Naetwe alirekebisha mtandio wake. "Bila mimi wangemlaza mkuu wa chuo kitandani, wakamfunga bandeji."

Watu walicheka, na Eliwaza pia, huku machozi yakimtoka. "Mikono yenu yote mitatu imo katika maisha yangu," alisema. "Nikimtaja mmoja leo, nitawaambia nini wawili? Nisaidieni."

Wageni walibishana hadi chai ikapoa. Jina alilolitaja hatimaye silisemi hapa, ili lisikuvute upande wowote.

Mama mdogo Naetwe tulimzika mwaka juzi. Eliwaza na bintiye wapo, wazima. Nakijwa na Apaikunda wapo pia, na masikio yao hayajachoka hata kidogo. Basi jibu kwa uangalifu: ungekuwa wewe umembeba yule mtoto mbele ya wale wanawake watatu, ungemwita nani?