Wewe Umezoea Kubaki

Kaeni, wanangu. Na nyie mliosimama mlangoni, sogeeni, benchi la mbele lina nafasi na halimng'ati mtu. Leo Krismasi tumejaa. Naona na sura za mbali, makoti mazuri, wajukuu wanaomwamkia bibi kwa kunong'ona. Karibuni nyumbani. Mchungaji kaniambia niseme neno fupi kabla ya sadaka. Nitasema fupi, lakini sitasema tamu. Anayetaka tamu, keki ataikuta nyumbani.

Mama mmoja alikuwa akiishi mlimani, mahali kama hapa kwetu. Mjane. Mumewe alimwachia migomba, ng'ombe wa kufungiwa zizini, na watoto watatu. Ng'ombe wa kufungiwa mnamjua. Hajui Jumapili, hajui msiba, hajui sikukuu. Asubuhi anataka majani, jioni anataka majani, katikati anataka maji, na ukichelewa anaita mpaka majirani wanakusema.

Watoto wawili wakubwa, wa kike na wa kiume, walikwenda ng'ambo, nchi za baridi. Wakasoma, wakapata kazi, wakapata na nyumba. Si vibaya. Yule wa tatu, kitindamimba, binti, akabaki na mama. Hakuna aliyekaa naye akamwambia, "Wewe utabaki." Kila aliyeondoka aliona yeye yupo, basi ikawa hivyo. Akachumbiwa, uchumba ukafa, kwa sababu mchumba alitaka kuhamia mjini na yeye akauliza, "Mama nitamwachia nani?"

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Siku ya Krismasi, mbuzi akishaiva, hakuna mkono unaogusa sinia. Mama ananawa, anakata kidari, anamlisha kila mtoto mdomoni kwa mkono wake, hata awe na ndevu, na kila mmoja anamwambia neno lake la mwaka. "Wewe punguza ulimi." "Wewe mwaka huu utajenga." Neno hilo ndilo mtoto anaondoka nalo.

Wale wa ng'ambo walikuwa wameukosa mkono huo kwa miaka, na mambo yao yalikuwa yameanza kuwagomea. Ndoa ya dada inayumba. Kaka kazini wanamzunguka. Wakakumbuka mkono wa mama. Wakasema, "Krismasi hii tumlete huku, atulishe." Hilo nalo si vibaya. Subirini.

Dada mkubwa akampigia mdogo wake simu.

"Mdogo wangu, Krismasi hii mama anakuja kwangu. Kaka naye anakuja na mkewe na watoto. Na marafiki zetu watakuwepo. Nyumba itajaa."

Kitindamimba akacheka kwa furaha. "Nami nishone gauni zito? Nasikia huko baridi inaingia mpaka kwenye meno."

Dada akasema, "Sasa wewe ukija, ng'ombe wa baba nani atawakatia majani?"

"Tumwombe jirani. Mbona nami huwa nawalisha wa kwake akisafiri?"

"Jirani atawakondesha. Wewe umezoea."

Lisikieni neno hilo. Tutalirudia.

"Tena," dada akasema, "mama usimwambie kwamba ni sisi tumesema ubaki. Unamjua, hatapanda ndege. Mwambie uliomba viza, wamekunyima."

"Dada, nimdanganye mama?"

"Unataka akose safari kwa ajili yako? Apate raha mara moja katika maisha yake, halafu wewe uizuie? Hivyo ndivyo unavyompenda?"

Mmeona kamba ilivyofungwa? Anayenyimwa ndiye anayepewa kazi ya kusema uongo, na dhambi ya uongo anaachiwa yeye. Ndugu zake mikono yao misafi.

Basi jioni, wakati wa kukamua, binti akamwambia mama yake akiwa amempa mgongo, asionekane uso. "Mama, wamenikatalia viza."

"Wamekukatalia kwa nini? Umeua mtu?"

"Ndiyo mambo yao, mama. Labda mwakani."

"Basi na mimi siendi."

"Utakwenda, mama. Wenzangu wanakuhitaji. Mimi nina mkono wako kila siku."

Akamnunulia mama sweta la mitumba, akalishonea vifungo. Akamfungia unga wa ndizi. Akampeleka mpaka uwanja wa ndege, akasimama nje ya kioo akipunga mkono mpaka mama akapotea ndani. Halafu akarudi mbio, maana jua lilikuwa linazama na ng'ombe hawajala.

Mama akafika ng'ambo. Akapokelewa vizuri, tusiwasingizie. Akapewa chumba chenye joto, akavishwa soksi juu ya soksi. Siku ya Krismasi nyumba ikajaa kweli, ndugu, marafiki, watoto wanakimbizana kwenye ngazi. Mbuzi alinunuliwa dukani. Mama akafunua sufuria, akatazama, akauliza, "Kichwa kiko wapi?"

"Mama, huku wanauza mwili tu," mwanawe wa kiume akamjibu.

"Sasa mmejuaje kama ni mbuzi?"

Watu wakacheka, mpaka wale wasiojua Kiswahili wakacheka. Ilikuwa siku nzuri. Sitaki mfikiri kwamba ilikuwa siku mbaya. Uovu mwingi, wapendwa, unafanyika siku nzuri, meza imepambwa.

Mama akanawa. Sinia likaletwa. Kaka akajisogeza kwenye kiti, dada akaja akapiga magoti karibu na mama kama alivyokuwa akifanya utotoni, macho yamemjaa machozi. Alikuwa anaungojea mkono ule kama mgonjwa anavyongojea dawa. Mama akashika kisu. Lakini kabla hajakata, akavuta pumzi, akasema, "Mungu awasamehe hao wa viza. Leo wamenitenga na mwanangu."

Pale mezani alikuwepo mama mmoja, rafiki wa dada mkubwa, mtu wa huku huku kwetu, mwenye moyo mweupe na mdomo mwepesi. Akashangaa. "Viza ipi, mama? Si hamkumwombea? Mimi nilimwambia rafiki yangu hapa, mleteni na mdogo wenu apumzike, akasema hapana, yule abaki na ng'ombe, amezoea."

Hata watoto wa kwenye ngazi waliacha kukimbizana, watoto wanajua.

Mama akamtazama binti yake aliyepiga magoti. Hakuuliza kama ni kweli. Uso ulikuwa umeshajibu.

"Mlimwomba na yeye anidanganye?" akauliza.

"Mama, tulitaka tu uje," dada akasema. "Tungefanyaje? Baba aliwapenda wale ng'ombe."

"Baba yako aliwapenda ng'ombe," mama akasema. "Na binti yake je?"

Kaka akaingilia. "Mama, wageni wapo. Tulishe kwanza, haya tutayazungumza baadaye."

"Nipigieni simu nyumbani," mama akasema. "Ile ya picha."

Nani angemkatalia? Wakapiga. Simu ikapokelewa, na kwenye kioo akatokea kitindamimba, buti miguuni, kilemba kimejaa vipande vya majani, nyuma yake pua ya ng'ombe. Alipoona ile meza na wale watu wote, akajipangusa uso haraka.

"Krismasi njema, mama. Mmekula?"

"Wewe umekula?"

"Nimekula, mama. Nimeshiba."

"Umekula nini?"

Akageuka kumtazama ng'ombe. Binti yule hakuwa hodari wa uongo, aliuazima tu kwa dada yake. "Nitakula, mama. Nikimaliza hapa."

Mama akakata kidari. Kipande cha kwanza, kile kinono, ambacho miaka yote alianza nacho kwa mtoto mkubwa. Akakiinua kuelekea ile simu. Akasema, "Mwanangu, mkono wangu haufiki huko. Leo mdomo wangu ndio mdomo wako." Akakila yeye, polepole, wote wanatazama. Akameza. Kisha akamwambia neno lake la mwaka. "Mwaka huu ng'ombe wanauzwa. Wewe utakwenda unakotaka kwenda, na asiulizwe mtu."

Kule kwenye kioo binti akafunika uso kwa mikono yake yenye majani.

Wale wawili wakabaki, mmoja kwenye kiti, mmoja magotini. Midomo tayari. Walimlipia mama safari, walipamba nyumba, yote kwa ajili ya kipande kimoja cha nyama kutoka kwenye mkono ule. Mama akawatazama. Aliwapenda, msifikiri hakuwapenda. Akasimama, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono.

"Kuleni," akasema. "Mikono mnayo."

Sasa nawasikia. Nawasikia mnavyoguna huko. "Mama yule kafanya vizuri." "Wale watoto wabaya." Wewe kaka wa pale dirishani umetikisa kichwa mpaka nikaogopa shingo. Mnawachukia, ee? Mngewakuta mngewapiga.

Haya. Niambieni. Nani yuko kwako saa hii?

Usiangalie chini, niangalie mimi. Nyumba yako umeiacha tupu? Mbuzi wa leo nani anamgeuza jikoni? Ng'ombe wako wamekatiwa majani na nani alfajiri, wakati wewe unatafuta kiatu cha pili? Yule mzee wako wa kitandani, asiyeweza kugeuka mwenyewe, nani kakaa naye ili wewe uje kuimba hapa na sare yako imepigwa pasi? Na hiyo pasi, nani kapiga?

Yupo. Kila nyumba inaye. Kwa mwingine ni binti wa kazi aliyeletwa kutoka kwa wazazi wake, ambaye naye ana mama anayemngoja siku ya leo. Kwa mwingine ni mke wa kaka mdogo. Kwa mwingine ni shangazi ambaye hakuolewa, tumemgeuza komeo la mlango. Pasaka alibaki. Harusini alibaki akilinda nyumba, picha zote zimepigwa hayumo. Na ukituuliza mbona hakuja, tuna jibu moja sote, wa huku na wa ng'ambo. Amezoea.

Neno hilo linanichoma. Mtu gani huzoea kuachwa? Umemuuliza lini? Ng'ombe huzoea kamba kwa sababu hana mdomo wa kusema. Binadamu anayo midomo, ila sisi tumeshampigia hesabu kabla hajaifungua, na tumemfundisha na la kusema, "Mimi niko sawa, nendeni tu." Halafu tunaondoka tukisifia moyo wake. Tunamwita mvumilivu. Tunamnyonya mtu na kumpa jina zuri.

Nanyi mliotoka mbali, msifikiri mmepona. Mmekuja na zawadi, asanteni. Mmemletea bibi blanketi, mmewaletea watoto viatu. Yule aliyewafungulia geti na kuwabebea mabegi mmemletea nini? Jina lake mnalijua? Au mnauliza tu, "Yule dada yuko wapi, atuletee maji"?

Usiku ule tunaouimba leo, mji mzima ulijaa wageni waliotoka safari, mpaka vyumba vikaisha. Habari ilipelekwa kwa nani kwanza? Kwa wale waliolala mezani wameshiba? Ilipelekwa huko nje, kwenye baridi, kwa watu waliobaki na mifugo. Nao wakaambiwa waende. Sijui kondoo waliachiwa nani. Lakini malaika hakuwaambia, "Nyie bakini, mmezoea."

Sisi tunamwambia Mungu atulishe. Kila mwaka tunakuja hapa, tunapiga magoti, midomo tayari. Ndoa yangu, kazi yangu, mwanangu, nyumba yangu. Na yeye anatazama meza anaona kiti kimoja hakipo. Hakipo, maana hatukukiweka kabisa. Mnadhani atakata kidari? Mimi namwogopa Mungu anayenawa mikono.

Sasa sitawaombea. Maombi ya leo yana miguu. Saa kumi jioni kuna ibada nyingine, mchungaji ametangaza. Sisi tuliokuja asubuhi hatuna kazi nayo. Nendeni nyumbani, vueni hayo makoti, mshike mundu, mshike mwiko, mkae na mgonjwa. Wao waoge, wavae nguo zenu nzuri kama hawana zao, waje. Wakisema, "Mimi niko sawa," msiwasikilize, mmewafundisha nyie wenyewe.

Nami kazi yangu jioni itakuwa kukaa na mgonjwa wa jirani, ili binti yake aje aimbe. Lakini nitapita hapa kwanza nichungulie. Nikikukuta umekaa kwenye benchi hilo hilo, na hilo koti, nitakuja nikae ubavuni mwako, nikuulize mbele ya watu wote nani yuko nyumbani.