Aliyesikia, Aliyesoma na Aliyeuliza

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana watu walishaanza kutibiwa Mombasa huku maneno yao yakiandikwa Voi, palikuwa na msichana aitwaye Wakesho. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Alikaa nyumbani kwao Voi, kompyuta mezani, visikizio masikioni, akimsikiliza Daktari Otuoma akiongea na wagonjwa katika hospitali moja ya Mombasa. Daktari akiuliza, mgonjwa akijibu, Wakesho akiandika. Yeye aliwasikia, wao hawakumsikia.

Kabla ya hapo daktari yule alikuwa akiandika mwenyewe, mgonjwa akiongea na kisogo chake. Sasa aliwatazama watu usoni, na watu wakamsifu. Wakesho nani alimsifu? Hakuna mgonjwa aliyejua yupo. Kulikuwa na karatasi mlangoni iliyoeleza, lakini nani husoma karatasi ya mlangoni?

Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na sharti moja: andika wanayoambiana daktari na mgonjwa. Daktari akitoka chumbani, usiandike hata herufi. Ukiandika, kazi huna.

Siku moja akaingia Mghoi, mama wa Wundanyi, mguu umevimba kwa kidonda, ameshikwa mkono na mdogo wake.

"Kuna dawa yoyote inayokudhuru, mama?" daktari akauliza.

"Hakuna, daktari."

Wakesho akaandika: hakuna. Daktari akatoka kwenda kunawa mikono, kipaza sauti akakiacha wazi mezani. Ndipo mdogo mtu akanong'ona kwa Kidawida, lugha ya kwao Taita ambayo daktari hakuijua hata salamu yake, lakini Wakesho alizaliwa nayo.

"Dada, mbona unamficha? Sindano ya penisilini si ilikuziba koo mpaka ukazirai?"

"Nyamaza wewe! Kule zahanati nilisema, wakaniambia hawana nyingine, nikarudishwa nyumbani na mguu wangu. Leo sirudi. Afadhali nife nimetibiwa."

Daktari akarudi. "Tutakuchoma penisilini, mama. Utapona."

"Usimchome!" Wakesho akapiga kelele.

"Nani?" mama yake akaitika kutoka jikoni. Mombasa hakuna aliyesikia.

Akiandika, kazi hana. Asipoandika, Mghoi hayupo. Akaandika. Juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi kubwa: MGONJWA AMEMWAMBIA NDUGUYE KWAMBA PENISILINI ILIMZIBA KOO. ANAFICHA.

Daktari Otuoma akabonyeza, akasaini. Hakusoma. Alikuwa na wagonjwa arobaini siku ile, na tangu apewe mwandishi hakuwa amesoma ukurasa hata mmoja kuanzia juu hadi chini.

Ukurasa ukafika chumba cha sindano, kwa muuguzi Kadzo. Pale wauguzi wote waliruka moja kwa moja hadi mstari wa dawa. Kadzo peke yake ndiye aliyeanzia juu. Akasoma, tena kwa sauti, mlango wazi, foleni nzima ikasikia: "Ehe! Kumbe mama unaficha?"

Mghoi akaona haya. "Mwongo huyo aliyeandika! Nichome nijiendee."

Kadzo akampigia daktari simu. "Sista, mimi nimeshasaini," daktari akasema. "Choma."

"Basi njoo uchome kwa mkono wako, daktari. Wangu umekataa."

Daktari akaja amefura. Akausoma ukurasa. Akanywea. Mwingine angeng'ang'ania saini yake, yeye akafunga mlango, akaketi chini ya kimo cha mgonjwa, akauliza, "Mama, nikikuahidi huondoki hapa bila dawa, utaniambia kweli?"

Mghoi akalia, akasema yote. Akapewa dawa nyingine, mguu ukapona.

Habari zikaenea. Bi. Rukia, mkuu wa hospitali, akatangaza nafasi ya masomo kwa aliyeyaokoa maisha ya Mghoi. Nafasi moja. Wakesho wakati huo alikuwa ameshafukuzwa, kwa barua ya mistari miwili. Hakulia. Alipanda basi la asubuhi, akaingia ukumbini, akasimama mbele ya watu ambao hawakuwahi kuiona sura yake.

"Naitwa Wakesho. Nilisikia nisichotakiwa kusikia, nikaandika nilichokatazwa kuandika, kazi nimepoteza. Nisingeandika, Kadzo angesoma nini? Nimeandika magonjwa ya watu maelfu, sijawahi kumshika mkono hata mmoja. Nataka kusomea uafisa tabibu. Siombi. Nadai."

Kadzo akacheka. "Kuandika uliandika, dada, lakini maandishi hayakuinuka yakamshika mtu mkono. Daktari alisaini juu yake asiyaone! Mimi ndiye niliyeamriwa na mkubwa wangu nikakataa. Na huu mwaka wa kumi na moja naomba kwenda kusoma, naambiwa ngoja."

Daktari Otuoma akasimama, watu wakaguna.

"Guneni tu. Kosa langu nalitaja mwenyewe: nilisaini bila kusoma. Lakini Wakesho aliandika, mgonjwa akakana. Kadzo alikataa, mgonjwa akakana. Angetoka hapo akachomwe kwingine, afe. Aliyemuuliza mpaka akasema ni mimi. Na hospitali hii haina bingwa wa vidonda hata mmoja. Nipeni nafasi niwe."

Bi. Rukia akamgeukia mgonjwa. "Mama Mghoi, uhai ni wako. Taja jina."

Mghoi akawatazama mmoja mmoja. "Wewe mwanangu wa Voi, uliyachukua maneno niliyomwambia mdogo wangu bila kuniomba. Wewe Kadzo, ulinianika mbele ya foleni. Nawe daktari, ungeniua huku unanitazama usoni. Na angekosekana yeyote kati yenu, nisingekuwa hapa kuwasema."

Kadzo akainamisha kichwa. Daktari akainamisha kichwa. Wakesho hakuinamisha.

"Ningeandika tena, mama," akasema. "Hata leo."

Mghoi akafungua kinywa ataje jina.

Sasa nyinyi mnaosikiliza, msiniambie wagawane. Nafasi haikatwi vipande. Wala msiniambie wote wanastahili. Hilo ni jibu la mtu anayeogopa kunyoosha mkono. Jina ni moja. Je, mngekuwa Mghoi, mngemtaja nani?