Mizinga ya Manjano ya Igunguli

Nyuki huitwa na ua, haitwi na mzinga. Mmeisikia leo mkutanoni, mkaipigia makofi, sasa mnaniuliza mimi imetoka wapi. Imetoka kwenye ndoa yangu, wajukuu zangu. Endeleeni kumenya karanga, na anayetafuna namwona.

Babu yenu Kapela alipotaka kunioa, baba yangu, Mzee Ngassa, alidai kibuyu cha asali. Ndiyo ilikuwa desturi: upande wa bwana harusi walete asali iliyorinwa kijijini kwao. Ya kununua ilirudishwa pamoja na aliyeileta.

Sasa hapa Igunguli nyuki walikuwa wamehama. Baba yake Kapela, Mzee Mihambo, alikuwa mwenyekiti wa kijiji, tena mkulima mkubwa wa tumbaku. Tumbaku ilikaushwa kwa moto kwenye mabani, na mabani yakaumeza msitu, hasa miti ile ile yenye maua. Bi Kalunde na kikundi chake cha kina mama hawakuchoka kwenda ofisini kwake. Waliomba ukataji ukome, na wenye tumbaku wapande kuni zao wenyewe. Mzee Mihambo aliwasikiliza kwa adabu, akawapa soda, akasema tatizo ni mizinga kuchakaa.

Akaomba mizinga kwa wafadhili. Ikaja ya mbao, mizuri kuliko nyumba yetu, ikawekwa juu ya vigingi maana miti ya kuitundika haikuwepo. Nyuki hawakuja. Akaamuru ipakwe rangi ya manjano. Hawakuja. Akasema labda wanaona haya, ikageuzwa itazame mashariki. Na mimi huko kwetu nimekaa tu, wenzangu wanaolewa. Nililia mpaka mama akaniambia nauozesha mto.

Msimu wa kurina ulipofika, mzee kwa kiburi chake akamwalika baba aje ashuhudie. Nikafuatana naye, nimebeba kibuyu kitupu. Bi Kalunde na wenzake nao walikuwepo. Kapela akavaa kofia ya wavu, akapuliza moshi, akausogelea mzinga kwa kunyata. Ndani kukasikika kitu kinajigeuza. Mzee Mihambo akatutazama kama mtu aliyeshinda kesi. Kifuniko kikafunguliwa, akatoka kuku na vifaranga wake, wanapiga chafya.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikiona kibuyu changu kinarudi kitupu. Bi Kalunde naye hakucheka. Akamgeukia baba.

“Mzee Ngassa, tuseme Kapela amejenga nyumba ya bati, kaipaka na rangi, lakini ndani hamna hata punje ya mtama. Utampeleka binti yako?”

“Akale bati?” baba akajibu.

“Haya, mwenyekiti, umesikia. Na nyuki huitwa na ua, haitwi na mzinga.”

Mzee Mihambo akamtazama kuku. Kisha akatazama kilimani, kulikokuwa kunasikika shoka. Walikuwa vibarua wake mwenyewe, wanakata kuni za bani lake.

“Kapela,” akasema taratibu, “kawaambie waache.”

Babu yenu alitimua mbio na ile kofia yake ya wavu kichwani. Tangu siku hiyo sijamwona akikimbia hivyo tena, hata kwa chakula.

Kijiji kikapitisha sheria kama kina mama walivyoomba, na Mzee Mihambo akapanda miti ya kuni penye nusu ya tumbaku yake. Miti iliyosalimika ikachanua, visiki vikachipua. Lakini maua hayana haraka, na mimi nikangoja, nikaitwa mchumba wa msitu. Nyuki waliporudi na kibuyu cha asali kikafika hatimaye, baba alichovya kidole, akalamba, akaniambia nikafungashe nguo zangu. Alikuta nilishazifunga.

Kwa hiyo mkiona mtu anagawa mizinga huku shoka linalia nyuma yake, msimpigie makofi. Mwulizeni kwanza maua yako wapi. Akiwabishia, mleteni kwa babu yenu, nusura abaki na kuku. Nyuki huitwa na ua, haitwi na mzinga.