Kigoda cha Nakijwa

Sogeeni. Anayetaka kucheka acheke sasa, huku mwanzoni, maana huko mbele sina hakika kama ataweza. Na msinikatize kuniuliza nani alikuwa na haki. Hilo nitawauliza mimi.

Kulikuwa na shule milimani, mahali ambapo nyumba ya jirani unaiona ng'ambo ya bonde lakini kuifikia ni safari. Shule hiyo ilikuwa na walimu kadhaa, ila watatu walijulikana kuliko wenzao, kila mmoja kwa namna yake ya kufundisha.

Wa kwanza ni Mwalimu Nanzia wa darasa la kwanza. Huyu hakuvuka herufi moja kwenda nyingine mpaka mtoto wa mwisho awe ameijua. Waliokwisha kujua walikaa na asiyejua, au waliimba, au waliichora herufi ile ile mchangani kwa vidole mpaka wakaichoka. Wakaguzi walipokuja walimkuta yuko nyuma ya mtaala.

"Mwalimu, wenzako wamefika mbali," walimwambia.

"Wamefika wao," alijibu. "Watoto wako wapi?"

Wa pili ni Mwalimu Mrutu wa hesabu na sayansi. Kalamu yake haikuwa na alama ya kosa. Mtoto akitoa jibu, liwe sahihi au la, yeye aliuliza tu, "Umefikaje hapo?" Kisha alinyamaza na kusikiliza njia yote, pamoja na mahali mtoto alipopotea. Siku moja mzazi alimfuata shuleni akiwaka. "Mwanangu kapata jibu, bado unamuuliza kafikaje? Kafika! Unataka arudi?" Mwalimu Mrutu alicheka na kusema, "Nataka kesho aweze kufika tena."

Wa tatu ni Mwalimu Kirumbe wa Kiswahili. Alimsimamisha mtoto upande mmoja wa bonde, mwenyewe akasimama upande wa pili, akamtaka amwambie jambo moja. Watu wa milimani huitana hivyo, na upepo hauna subira. Ukianza na "Shikamoo Mwalimu, habari za asubuhi," basi maneno yaliyobaki yanakwenda na upepo. "Neno zito litangulie!" alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Sema moto, halafu sema wapi. Salamu utanipa baadaye, kama bado tuko hai!"

Sasa mikononi mwa hawa watatu alipita mtoto mmoja, Nakijwa, binti pekee wa mjane aitwaye Bi Nalotwa.

Kwa Mwalimu Nanzia, Nakijwa ndiye aliyekuwa mtoto wa mwisho. Herufi zilimgeukia. Leo alizijua, kesho zilikuwa wageni. Darasa zima lilimngoja. "Nakijwa, tutazeeka hapa!" wenzake walilalamika, na mwalimu akawaambia, "Basi tutazeeka wote." Walingoja msimu mzima wa mvua. Asubuhi moja Nakijwa alisoma mstari ubaoni kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusita, na wenzake walipiga kelele za furaha hadi mwalimu mkuu akaja mbio akidhani nyoka kaingia darasani.

Kwa Mwalimu Mrutu alifika akiwa amezoea kukosea, na mtu aliyezoea kukosea hujifunza kunyamaza. Kumbe hapa kukosea hakukuwa mwisho wa mazungumzo. Alipoulizwa kwa mara ya kwanza "Umefikaje hapo?" alilia. Hakuwahi kuona mtu mzima akitaka kujua kilichokuwa kichwani mwake. Tangu hapo swali lile akawa nalo hata nyumbani. Mama akisema mchuzi umeharibika, yeye alitaka kujua umeharibika kuanzia wapi.

Kwa Mwalimu Kirumbe alikwenda na sauti ndogo. Mama yake alizoea kusema, "Huyu anazungumza na kifua chake mwenyewe." Mwalimu alisimama ng'ambo, mkono sikioni, akitikisa kichwa kwamba hajasikia. Hakukasirika. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka siku sauti ya Nakijwa ilipovuka bonde na wachunga ng'ombe wakageuka kutazama ni nani.

Alipokua alisomea ualimu, akarudi kufundisha shule ile ile. Bi Nalotwa akamchongeshea kigoda, kwa kuwa huko mtu akianza kazi yake ya maisha huchongewa kigoda chake, na haketi mtu mwingine juu yake.

Sasa, mwenye kucheka anyamaze.

Mwaka mmoja masika yalikuwa mazito. Asubuhi moja, mvua ikiwa imekaza, kijito kilichopita nyuma ya shule kilipungua hadi kikawa uzi wa maji. Walimu walifurahi. "Afadhali," mwalimu mkuu alisema, "leo watoto watavuka bila kulowa magoti."

Nakijwa alisimama barazani akitazama kijito. "Kimefikaje hapo?" aliuliza.

"Kimefikaje wapi?"

"Mvua inaongezeka na maji yanapungua. Yako wapi, Mwalimu? Kuna kitu kimeyaziba huko juu. Udongo umeshuka, na maji yanajaa nyuma yake."

Mwalimu mkuu alifungua mdomo kujibu, lakini Nakijwa alikwishashuka ngazi hadi katikati ya uwanja. Hakusema samahanini, hakusema ndugu walimu. "Mlima unakuja!" aliita, na sauti yake ikapenya mvua na mabati. "Tokeni! Upande wa mibuni!"

Madarasa yalimwagika. Walivuka uzi ule wa maji, wakapanda mteremko wa mibuni wakishikana mikono, wakubwa wakibeba wadogo. Kwenye mibuni Mwalimu Kirumbe aliangalia mistari ya watoto akapaza sauti, "Wote wametoka!"

Nakijwa alimgeukia. "Umejuaje, Mwalimu?"

Mwalimu Kirumbe aliitazama tena mistari. Alikuwa ameona watoto wengi, basi.

Nakijwa alitazama mstari wa darasa la kwanza, akaanzia mwisho, mahali ambapo siku zote husimama mtoto anayechelewa. Mtoto mmoja, Sekunda, hakuwepo.

Mwalimu Nanzia alimshika mkono. "Subiri, mwanangu."

"Hatujavuka, Mwalimu," Nakijwa alimwambia, akautoa mkono wake taratibu, akakimbia.

Sekunda alikuwa amejificha chini ya dawati. Nakijwa alimpitisha dirishani akamwambia akimbie asitazame nyuma, naye Sekunda alikimbia hakutazama nyuma. Kwa hiyo yeye hakuona. Waliokuwa kwenye mibuni ndio walioona maji na udongo na miti vikishuka kwa pamoja, na shule ikiondoka.

Mtoto hata mmoja hakupotea siku ile. Nakijwa walimpata baadaye, chini bondeni, wakamzika upande wa juu wa shamba la mama yake.

Huko kuna desturi moja. Mtu akifa, siku ya kuanua tanga kigoda chake hupewa yule aliyemfundisha kazi. Cha mhunzi huenda kwa mhunzi aliyemwonyesha kufua chuma, cha mkunga kwa mkunga aliyemtangulia. Anayekipokea hupata kiti mekoni mwa wafiwa. Huja kukata majani ya ng'ombe wao, hula chungu kimoja nao, na mama wa marehemu humwita mwanangu mpaka mmoja wao afe. Kigoda hakina wenyewe wawili. Jua likizama bila mtu kukikalia, huchomwa katika moto wa matanga, na kiti kile mekoni hakijazwi tena. Kwa kawaida mwalimu hufa kabla ya mwanafunzi, kwa hiyo desturi hii haikuwa imesumbua watu. Vigoda vingi vilichomwa, na wafiwa walikuwa na watoto wengine.

Bi Nalotwa hakuwa na mwingine.

Siku ya kuanua tanga watu walijaa uani. Bi Nalotwa aliketi karibu na moto, kigoda mapajani. Mjomba wa marehemu, Kiangi, alisimama na kuuliza, "Nani alimfundisha Nakijwa kazi?"

Mtani wao Mwasiti, mwanamke mwenye mdomo usioogopa msiba, aliwahi. "Nipeni mimi! Nimewafundisha watu wa ukoo huu kunawa mikono kabla ya kula, na wengine bado hawajafaulu."

Watu walicheka kidogo, hata Bi Nalotwa alitabasamu. Ndiyo kazi ya watani.

Kisha wakasema waliotaka kusema. Mmoja alisema, "Ni Mwalimu Nanzia. Asingemngoja, yule mtoto angeacha shule kabla hajajua kusoma. Tungekuwa na mwalimu gani?" Mwingine akasema, "Ni Mwalimu Mrutu. Sote tulikiona kijito na sote tulifurahi. Aliyeshtuka ni mmoja, na aliyemzoesha kushtuka yumo humu." Wa tatu akasema, "Angeshtuka peke yake na kufa na siri yake, kama si Mwalimu Kirumbe. Mwanangu alisikia neno moja tu, mlima, akakimbia."

"Basi wote watatu," Kiangi alisema kwa uchovu, "na kigoda ni kimoja."

"Kikateni kila mtu apate mguu wake," Mwasiti alisema, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Hapo Bi Nalotwa alisema kwa mara ya kwanza siku ile. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya binti yake zamani.

"Mnaniambia nani alimfundisha kusoma, na nani alimfundisha kuuliza, na nani alimfundisha kuita. Mimi nauliza, nani alimfundisha kurudi?"

Kuni zilipasuka motoni.

Mwalimu Nanzia alisimama. Alikuwa amezeeka sana tangu siku ile ya mvua. "Ni mimi, dada. Nilimfundisha kwamba darasa halijavuka mpaka wa mwisho avuke. Nilimfundisha hivyo yeye mwenyewe akiwa wa mwisho, akaamini. Nilimshika mkono, nikakuta nimeshika kitu nilichokitengeneza. Sistahili kuketi mekoni kwako."

"Kaa, Mwalimu," alisema Mwalimu Mrutu. "Mtu mwingine angeambiwa wote wametoka, angeshukuru Mungu na kukaa chini. Nakijwa hakuweza kupokea jibu bila kuuliza limepatikanaje. Mimi ndiye niliyemnyima uwezo huo."

Mwalimu Kirumbe hakusimama. Alisemea pale alipoketi, na watu walilazimika kuinama ili wamsikie. "Mtoto Sekunda nimemuuliza kwa nini alijificha. Ameniambia aliogopa ile sauti. Hajawahi kusikia Mwalimu Nakijwa akiita vile. Nami nilimfundisha aite hivyo hivyo. Halafu mimi mwenyewe, siku ile, nikaita jambo nisilolijua."

Mnaona palipofika. Kabla ya swali la mama, kila mmoja alikuwa na watu wa kumtetea. Baada yake, kila mmoja alijishtaki, na kwa jambo lile lile alilosifiwa nalo. Mimi nimelifikiria sana na sijaona pa kupitisha kisu kati ya sifa na lawama. Aliyemngoja ndiye aliyemfundisha kutoacha mtu. Swali lililowaokoa watoto ndilo lililomrudisha shuleni, na sauti iliyowatoa watoto wengine wote ilimbakiza mmoja.

Mjomba Kiangi alitazama jua. Lilikuwa limegusa mgongo wa mlima, pale penye kovu jekundu la udongo.

"Nalotwa," alisema kwa upole, "kama hakuna anayekipokea, inabidi."

"Ngoja," mama alisema. "Hamkunielewa. Sikuuliza ili nipate wa kumchukia. Nimekaa na hasira siku hizi zote, nimeona haipiki, haikati majani. Niliuliza kwa sababu yule aliyemfundisha kurudi ndiye aliyemjua mwanangu alivyokuwa dakika ile ya mwisho, na mimi sikuwepo. Nataka mtu huyo aketi hapa aniambie alikuwaje. Aniambie leo, na kesho, mpaka nichoke kusikia."

Akakiinua kigoda. Kilikuwa kipya bado, mti wake haujapata weusi wa kukaliwa.

Akamtazama Mwalimu Nanzia, aliyekuwa na mikono usoni. Akamtazama Mwalimu Mrutu, ambaye kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na swali. Akamtazama Mwalimu Kirumbe, aliyekuwa ameinamisha kichwa. Nyuma yao moto ulikuwa umekolea, na Kiangi alikuwa amenyoosha mikono yake miwili, tayari kupokea kigoda kama mama atampa yeye.

Mpaka hapo ndipo niliposimuliwa, na hapo ndipo ninapoishia. Nimewauliza watu wa huko kilichofuata. Kila mmoja alinijibu yake, wakagombana mbele yangu.

Basi wewe uliyekaa hapo, na wewe mwenye watoto shuleni, na wewe mwalimu unayejificha nyuma ya wenzako, jua linazama na mama ameinua mikono. Kigoda ungekiweka mbele ya nani? Na ukishanijibu nitakuuliza tena: umefikaje hapo?