Kaburi Moja Ndani ya Uzio

Sogezeni vigoda, na mwenye kikohozi akohoe kabisa sasa hivi, maana maneno haya hayapendi kukatizwa.

Walikuwapo watu watatu katika usharika wa Mshituni, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Mzee Eliamani alipewa mdomo. Ndiye aliyekuwa dalali wa mnada wa kanisa. Mtu akiweka madhabahuni kuku aliyekonda kama ufagio, ibada ikiisha Eliamani humnyanyua pale nje mlangoni na kusema, "Wapendwa, huyu kafunga kwa ajili yenu!" Watu wakacheka, na kuku akaenda kwa bei ya mbuzi. Siku nyingine za juma mdomo ule ulifungwa, kwa sababu alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha ngozi na alikaa katika nyumba ya kiwanda. Ardhi hakuwa nayo, hata ya kupandia mchicha.

Nakiete, mke wa mtu kule bondeni, alipewa shingo ngumu. Mama mkwe wake alikuwa akisema, "Huyu ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje kuhakikisha."

Na mwalimu wa kwaya, Chilewa, alipewa pumzi. Alikuwa mtu wa kuja kutoka Ugogo, hana ndugu, hana mke, na si kwamba mabinti wa sauti ya kwanza hawakujaribu. Akishika wimbo hauachi, mpaka Mchungaji asahau mahubiri yake.

Sasa, kiwanda kilikuwa cha Bwana Obadia. Huyo benchi lake lilikuwa la mbele kabisa. Bati za kanisa alinunua yeye, kinanda alinunua yeye, na ile pikipiki ya Mchungaji, wenye macho walijua ilitoka wapi. Bomba la kiwanda lilitapika mtoni, na mto ukawa bluu kama maji ya kufulia mashati. Watu wa bondeni hawakuwa na maji mengine. Walianza kufa kuku, wakafuata mbuzi, halafu ikawa zamu ya wenye majina.

Hata kuzika kulishindikana. Ukichimba kaburi bondeni, ukifika kiunoni maji ya bluu yanajaa shimoni, na nani atamlaza mtu wake humo? Wafu wakapandishwa kanisani, mmoja baada ya mwingine, mpaka ndani ya uzio pakajaa. Ikabaki nafasi ya kaburi moja tu, kati ya mwamba na mwamba, nayo wazee wa kanisa wakaizuia. Waliokosa walipelekwa nyuma ya ua wa minyaa, kwenye changarawe, ambako mbwa hufukua.

Na kanisa lilifanya nini? Kanisa lilifunga na kuomba. Waliuombea mto kana kwamba mto ndio uliotenda dhambi.

Nakiete alikuwa na binti mdogo, Kiende, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Ubatizo ulipangiwa Jumapili moja, ukasogezwa, kwa sababu Jumapili hiyo zilibarikiwa bati za Bwana Obadia. Kabla ya Jumapili nyingine kufika, mtoto alikuwa amekufa. Na sheria ya Mshituni inasema asiyebatizwa hazikwi ndani ya uzio. Akapelekwa nyuma ya minyaa. Nakiete akawa analala huko na jiwe mkononi, kufukuza mbwa.

Ikafika sikukuu ya mavuno. Watu walipanda madhabahuni na ndizi, magimbi na majogoo. Nakiete akapanda na chupa ya maji ya bluu, akaiweka kati ya maboga, akarudi kukaa. Mchungaji, ambaye husali akiwa amefumba macho, akaibariki pamoja na vingine.

Mnadani Eliamani alinadi ndizi, akanadi majogoo, kisha mkono wake ukagusa chupa. Akaijua. Asiijue vipi? Dawa ya ngozi iliyoyapa maji rangi ile alikuwa akiitoa yeye mwenyewe stoo kila asubuhi.

"Mzee," Mchungaji akamnong'oneza, "weka hiyo chini. Ni uchafu."

"Umeubariki mwenyewe, Mchungaji."

Mke wake, Namsifu, alikuwa nyumbani amelala, miguu imevimba, akitibiwa kwa kadi ya kiwanda. Eliamani alimfikiria. Alifikiria na lile paa lililomfunika mgonjwa, nalo halikuwa lake. Kisha akamwona Nakiete amesimama nyuma kabisa, analia bila kujifuta, na mdomo ule ukafunguka.

"Wapendwa! Nina maji hapa! Ndiyo haya haya yanayowapandisha wa bondeni kuja kulala kanisani. Nani ananunua?"

Bwana Obadia akacheka kwa puani. Yeye alizoea kwamba kitu kinachomuudhi hununuliwa, basi. Akataja bei kubwa, akanyoosha mkono apewe chupa iondoke machoni pa watu.

Hapo ndipo alipokosea. Mnada wa Mshituni una mila yake, tangu mama mmoja (jina lake linajulikana, wajukuu zake wako hai) alipoleta maziwa yaliyobatizwa maji. Tangu siku hiyo, anayenunua kitu cha kunywa hupiga funda moja mbele za watu, asije akasema kesho ameuziwa uongo.

"Mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu! Imekuwa yako, Bwana," Eliamani akasema. Akafungua kizibo. "Haya, onja."

"Usinifanyie mchezo, wewe mzee."

"Si mchezo, ni mila. Wapendwa, si ndivyo?"

"Ndivyo!" wakaitikia.

"Kunywa, baba," Nakiete akasema kutoka nyuma, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. "Mwanangu aliyanywa."

Bwana Obadia alisogeza chupa mdomoni. Harufu ikamfikia. Akaitupa chini, akaondoka kwa haraka hata kofia ikamwanguka, na hakuna aliyeiokota. Siku ile hata vipofu waliona.

Lakini mnajua watu. Kelele za Jumapili hufa Jumatatu. Zingekufa, lau si Chilewa. Jumatatu alivaa joho lake, akaipeleka kwaya nzima mbele ya geti la kiwanda, akaanzisha wimbo wa maziko.

Polisi wakaja. "Kibali chenu cha maandamano kiko wapi?"

"Afande, nani anaandamana? Haya ni mazoezi ya kwaya," Chilewa akasema. "Sauti ya nne tumepungukiwa. Karibu."

Wakaimba Jumanne, wakaimba Jumatano, wakaimba hadi usharika wa jirani ukaja na ngoma, na Waislamu wa sokoni wakaleta uji. Malori ya ngozi yakakosa pa kupita. Walinzi wa kiwanda wakamvizia Chilewa wakampiga mbavuni kwa marungu. Kesho yake akarudi, kafungwa shuka kifuani, akaimba akitema damu kwenye leso. Mwishowe wakaguzi wakashuka kutoka mjini, wakatazama mto, wakatazamana. Bomba likazibwa.

Wazee wa kanisa wakapata ujasiri, maana simba akishafungwa kila mtu ni mwindaji. Wakakaa na kutamka: "Nafasi ya mwisho ndani ya uzio ni ya nyumba ya yule aliyeziba bomba, awe amebatizwa au hajabatizwa." Wakapigiana makofi. Hakuna aliyewauliza ni nani.

Eliamani alikuwa amekwisha fukuzwa kazi na nyumba. Kadi ya matibabu ikachukuliwa siku hiyo hiyo. Namsifu alihamishiwa chumba cha nyuma cha jirani, na kila akisikia kengele alisema, "Mume wangu, unizike ninapoisikia hiyo. Usinipeleke kwa mbwa." Naye alimwapia.

Jumamosi moja Namsifu akakata roho asubuhi. Mchana Chilewa naye akafa, kichwa kikiwa kimelazwa kwenye majoho.

Eliamani alipofika uani mwa kanisa na sepetu, alikuta kwaya wamekwisha chimba. "Mzee wetu, tusamehe," wakasema. "Mwalimu alitoa pumzi yake yote pale getini. Hana kwao. Bila yeye maneno yenu yangeisha Jumatatu."

"Na bila mdomo wangu mngeimba nini?" Eliamani akajibu. "Nilimuuza mke wangu kwenye mnada ule, mnanisikia? Nilimwapia."

Wakasikia changarawe zikilia nyuma yao. Ni Nakiete, anatoka nyuma ya minyaa, mikono imejaa udongo, amebeba kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitenge. Hakuwasalimia. Aliketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani.

"Nyote mlikuwa mnayajua maji," alisema. "Mimi ndiye niliyeyaleta kanisani. Na mwanangu hakupewa kazi nyingine ila kufa tu."

Mjanja mmoja atasema, wazikwe pamoja. Alikuwapo huko pia, na alinyamazishwa: Mshituni wasio wa damu moja hawalali shimo moja, na pande zote ni mwamba.

Mchungaji akamgeukia Eliamani. Mchungaji alikuwa amekuja kwa miguu. Pikipiki ilikwisha chukuliwa na mwenye kiwanda. "Mzee, wewe ndiye dalali. Tamka wewe."

Na Eliamani, aliyeuza hata kuku aliyekonda kama ufagio, alifungua mdomo, ukajifumba wenyewe. Jua lilikuwa linashuka. Nyuma ya minyaa mbwa walianza kubweka.

Haya, nyinyi mliokaa mkila karanga zangu: shimo liko wazi, nalo ni moja. Yupo aliyeyaleta maji, yupo aliyeyanadi, yupo aliyeyaimba. Sepetu nakupa wewe. Ungemlaza nani humo, na wale wawili ungewaambia nini wakati unawabeba kuwapeleka nyuma ya minyaa?